Niliacha Kisu Nyumbani kwa Sababu ya Gramu Mia Mbili

Ilianza saa kumi na moja na dakika arobaini asubuhi, na kabla jua halijakausha umande mama mkwe wangu alikuwa ameona mapaja yangu. Nimelisema mapema ili mnaotaka kucheka mcheke sasa, halafu mnisikilize kwa utulivu, maana niliyoyaona asubuhi ile nikiwa nimefungwa kwenye mti kama gunia la muhogo kwenye pikipiki ya Misisi ni makubwa kuliko aibu yenyewe, na mpaka leo nikifika sehemu fulani ya habari hii nanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Kazi yangu hapa mjini Baraka ni kutengeneza mizani: ya wauza samaki, ya wauza chumvi, na ile midogo ambayo wanunuzi wa dhahabu huniletea kutoka machimbo ya Misisi wakiwa wamekwisha kugombana na wachimbaji. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua mzani wa kwanza nikiwa kijana, ukanishinda kuufunga, nikaufungua tena. Kwa hiyo mtu wa aina yangu hashiki kitu bila kujiuliza kina uzito gani. (Mke wangu Nyassa anasema mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa niliuliza kilo kabla ya kuuliza kama ni mvulana au msichana. Ni kweli. Zilikuwa tatu na gramu mia nne.)

Mama yake Nyassa, ambaye watu wote humwita Mama Wilondja kwa jina la mwanawe mkubwa, anaishi kijiji kimoja nyuma ya Kilembwe, na shamba lake la muhogo liko mwisho kabisa, pale ambapo mashamba yanakwisha na msitu unaanza. Mume wake alilifyeka kwa mikono yake, akafa, akamwachia. Misimu miwili mfululizo nguruwe wa msituni waliingia wakachimbua kila kitu, mizizi wakala, mashina wakakanyaga. Alipanda mara ya tatu. Wilondja, shemeji yangu, akasema hadharani kwamba nguruwe wakila tena, basi, mama yake ataacha lile shamba, ashuke Baraka akae kwa Nyassa.

Kwa Nyassa maana yake ni kwangu. Na kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawasemeshani, hawatazamani usoni, hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Siyo chuki. Ni heshima kubwa, na mimi na Mama Wilondja tulikuwa tumeitunza tangu siku ya posa bila hata neno moja kuponyoka. Nyumba yangu ina vyumba viwili na mlango mmoja. Nilijaribu kuchora kwenye karatasi jinsi watu wawili wa namna hiyo wangepita kwenye mlango mmoja kila siku, nikaacha. Lakini lililoniuma zaidi ni lile alilonieleza Nyassa, kwamba mama yake amekaa jikoni akasema, "Nikitoka hapa, nani atajua kama nilikuwaka na bwana?"

Nikatuma ahadi kupitia kwa Nyassa: nguruwe wale niachieni mimi.

Bunduki sikuifikiria hata kidogo. Huku kwetu Fizi mtu mwenye bunduki porini huulizwa maswali mengi na watu wengine wenye bunduki. Lakini wawindaji wa zamani wa kule walikuwa na mkuki wa kuangusha: chuma kikali kilichokazwa kwenye kipande kinene cha gogo. Mtu anakaa mtini juu ya njia ya nguruwe, nguruwe anapita, mtu anaachia, uzito unafanya kazi. Na kwenye simu nilikuwa nimeona video za wawindaji wa nchi za mbali ambao hawajengi jukwaa juu ya mti, wanavaa kikalio cha mikanda, wanakifunga kwenye shina kwa kamba, wanaegemea nyuma na miguu yao imekanyaga gome, wananing'inia kimya kama popo, na kesho wanahamia mti mwingine. Niliitazama video ile mpaka simu ikazimika. Hilo ndilo hasa lililotufaa, kwa sababu nguruwe hawaingii shamba kwa mlango mmoja mara mbili, na anayewangoja lazima abebe kiti chake mgongoni.

Basi nikatengeneza. Kikalio nilikikata kwenye tairi la lori, vipandio vinne vya chuma nikavichomelea mwenyewe, kamba ilikuwa ya katani nene, nikaongeza ubao wa kuwekea miguu, panga, kisu, tochi, koti la mvua, galoni ya maji, na ule mkuki. Kilo ishirini na tatu. Mara ya kwanza nilipopanda nao mlima wa Kilembwe nilifika shambani nikihema kwa sauti ambayo nadhani nguruwe waliisikia wakiwa bado mlima mwingine.

Hapo ndipo ugonjwa ulinishika, ugonjwa wa kupunguza. Tairi nikalitupa, nikashona kikalio kwa mikanda ya viti vya gari bovu lililolala karibu na gereji. Vipandio vinne vya chuma vikawa vitanzi viwili vya kamba, unakanyaga kimoja, unasogeza kingine juu, hivyo hivyo mpaka ufike. Katani ikawa nailoni nyembamba ambayo wavuvi wa Swima wanavutia nyavu (nyembamba kama penseli, na inabeba mtu, niliijaribu dukani). Ubao toka. Galoni toka. Viatu toka. Suruali ndefu ya jinzi, ambayo peke yake ilikuwa na gramu mia saba, toka, nikachukua kaputula ya kuchezea mpira ya kijana wangu. Gogo la mkuki nikalitoboa ndani kama mzinga wa nyuki, nikijiambia kwamba urefu wa mti utalipa uzito uliopotea. (Mimi, fundi wa mizani, nilijiambia hivyo.)

Jioni ya mwisho mzani wa mezani ulionyesha kilo kumi na gramu mia. Mia tu juu ya kumi. Nikazunguka meza. Nikatoa kisu. Kilo tisa na gramu mia tisa, nikapiga makofi peke yangu.

Nyassa alinifuata mlangoni nacho mkononi. "Baba Amina, unasahau kisu."

"Sisahau. Ninakiacha."

"Muwindaji bila kisu?"

"Gramu mia mbili, Nyassa."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa anayekataa dawa, akakirudisha jikoni.

Kesho yake nilipanda mlima, nikakagua shamba, nikalala kwa Wilondja, na alfajiri iliyofuata nikaondoka mimi peke yangu, na lazima nikiri mzigo ulikuwa kama hakuna, nilitembea kama kijana. Nilikuwa nimeona siku iliyotangulia nyayo zao mpya chini ya mti mmoja mnene mno, wenye gome laini, pembeni mwa shamba. Mti ambao mikono yangu haizunguki hata nusu yake. Nikapanda kwa vitanzi, kimoja juu, kingine juu, nikafika kama mita sita, nikazungusha nailoni kwenye shina, nikafunga fundo, nikaegemea. Kikalio kilinipokea. Nikavivuta vitanzi vyangu, nikashika mkuki, nikanyamaza.

Na hapa ndipo huwa nanyamaza nikisimulia. Sikuwahi katika maisha yangu kuona msitu ukiamka nikiwa ndani yake kwa juu. Ukungu ulikuwa chini yangu, siyo juu. Ulikuwa unatoka kati ya miti polepole na kuingia kwenye muhogo kama maziwa yanavyoingia kwenye chai, na juu ya ukungu vilele vya muhogo vilisimama vikiwa na matone, na ndege mmoja akaanza, akajibiwa, halafu wakawa wengi mno kuhesabiwa, na mbali juu ya mlima mbega walinguruma wote kwa pamoja. Nilijiona mdogo sana. Nikasema moyoni, kumbe kila siku hivi vinafanyika na mimi niko Baraka nakaza misumari.

Ndipo wakatoka.

Wa mbele alikuwa jike na watoto wenye michirizi, wakipita chini yangu kama wanafunzi wa shule, na mimi mkono wangu haukusogea kwa sababu nilikuwa nawatazama. Halafu majike mengine mawili. Halafu dume. Sijui niseme nini juu ya dume lile. Lilikuwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi, na kutoka kichwani mpaka mkiani mstari wa manyoya meupe, na lilitembea bila haraka yoyote, kama mwenye shamba amekuja kukagua kazi. Chini yangu kabisa likasimama. Nilisikia pumzi yake. Nikaachia mkuki.

Mkuki uliruka vizuri, ukafika vizuri, ukagusa mgongo katikati kabisa, ukalala pembeni. Tuk. Kama mtu amegonga mlango wa jirani. Gogo tupu halina la kusukumia. Majike na watoto walipotea kwenye ukungu, lakini dume lilijitikisa tu, likageuka, likanusa gogo langu, kisha likainua kichwa likanitazama. Tulitazamana muda mrefu. Siongezi chumvi: niliona aibu mbele ya nguruwe.

Nikaamua kupanda juu zaidi, maana lilianza kusugua meno yake kwenye shina na mti wote nikauhisi mgongoni. Kupanda au kushuka, lazima kwanza ulegeze kamba ya kikalio. Nikashika fundo. Fundo lilikuwa jiwe. Nailoni nyembamba, umande, na mwili wangu umeliegemea wakati wote ule. Lilikuwa limejikaza lenyewe. Nikatumia kucha. Nikatumia meno, nikapoteza kipande cha jino. Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe kiunoni kutafuta kisu, ukapapasa, ukarudi. Kuvua kikalio sikuweza, mita sita juu, kwenye shina ambalo siwezi kulikumbatia. Nikabaki pale pale, mgongo nyuma, miguu imepanuka kwenye gome, na kaputula ya kijana wangu wa miaka kumi na minne imepanda mpaka ilipotaka.

Ndipo nikasikia mtu anaimba wimbo wa kanisani. Mama Wilondja, na jembe begani na beseni la bati kichwani, anakuja moja kwa moja kwenye shamba lake, na dume liko kati ya safu za muhogo, hatua chache kutoka kwenye njia, na ukungu umelifunika mpaka mgongo.

Niliwaza mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza: nikinyamaza hatainua macho, atapita, heshima ya miaka yote itabaki salama. La pili lilikuwa na meno. Nikapiga kelele.

"Mama! Simama! Nguruwe!"

Akasimama. Akatazama mbele, hakuona. Akatazama juu, akaona. Nasema akaona. Beseni likaanguka, na kabla halijatulia chini alikuwa amekwisha kugeuka mgongo na kuvuta kitenge chake kufunika kichwa chote. Nami nikageuza uso wangu kwenye gome. Tukakaa hivyo, watu wawili wa heshima, na nguruwe katikati.

Mwishowe akasema, kwa sauti kubwa, akiwa amegeukia mlima. "We nguruwe! Uliza ule muntu iko juu ya muti: iko muzima?"

Nikaelewa. Hatuwezi kusemeshana, lakini hakuna aliyekataza kusema na nguruwe. Nikaliambia gome: "Nguruwe, ambia mama niko muzima. Ambia ye arudi nyuma, uko karibu sana."

"Nguruwe, uliza ye: kama iko muzima, sababu gani hashuke?"

"Nguruwe, kamba imekataa."

"Uliza ye, kisu iko wapi?"

Dume likakoroma kwa niaba yangu.

"Nguruwe," akasema Mama Wilondja polepole, "muwindaji gani anapanda bila kisu?"

Halafu alifanya jambo ambalo bado naliona. Aliokota beseni, akashika jembe, na bila kufunua kichwa, akimwona nguruwe kwenye upenyo mdogo wa kitenge chake, akaanza kutembea kuelekea kwenye lile dume, akipiga bati kwa jembe, pa, pa, pa, wala hakukimbia, wala hakupiga kelele, akisema tu, "Toka. Hii ni ya bwana yangu. Toka." Mwanamke ambaye hafiki begani mwangu. Dume lilishusha kichwa. Pa, pa. Likatazama beseni, likatazama msitu, likatoa pumzi ndefu, likageuka na kuondoka kwa mwendo ule ule liliokuja nao, na manyoya yake meupe yakapita kati ya majani mpaka yakaisha.

Sasa hatukuwa na mjumbe. Nilimwona (kwa pembe ya jicho, Mungu anisamehe) akizungukazunguka kutafuta mtu wa kumtuma, kisha akaweka jembe chini mbele yake. "We jembe, ambia ye niko naenda kuita bantu."

Nililiomba jembe kwa heshima zote lisiruhusu jambo hilo, liite Wilondja peke yake. Lakini Mama Wilondja alikuwa amekwisha kwenda, na ile siku ilikuwa ya mazoezi ya kwaya. Ikaja kwaya nzima. Wakaja akina mama na majembe, wakaja wanafunzi na daftari zao, akaja kapita, mkuu wa kijiji, amevaa koti, na mbele yao Wilondja, ambaye alifika chini ya mti, akaweka mikono kiunoni, akanitazama kutoka vidole vya miguu kwenda juu bila kuruka kitu.

"Shemeji! We ni tunda ya namna gani? Umeiva, ao tukuache kidogo?"

"Wilondja, leta panga."

"Banasema ulipunguza mizigo. Naona ulipunguza mpaka suruali!"

"Leta panga, ndugu yangu."

"Ngoja kwanza bamama ba kwaya bamalize kuangalia. Bantu hawa banatoka mbali."

Walicheka mpaka mwanamke mmoja akakaa chini. Walikata mti mwembamba wakauegemeza kwenye shina, Wilondja akapanda na panga lake zito, lisilopimwa na mtu, akakata nailoni kwa pigo moja, na mimi nikashuka begani mwake kama mgonjwa. Mtu mmoja akanitupia kitenge, nikajifunga.

Lakini kicheko kilipoisha watu walianza kutazama chini. Karibu wote hawakuwa wamefika kwenye shamba lile tangu mazishi ya mume wa Mama Wilondja. Kila mmoja alikuwa akilia na nguruwe wake kwenye shamba lake. Waliona mashimo. Waliona nyayo za dume, kapita akaweka kiganja chake ndani ya unyayo mmoja na akatikisa kichwa. Akasema nyavu za ukoo zimelala darini tangu wazee walipoacha kuwinda kwa pamoja, na kwamba kesho yake zitashuka. "Na ule fundi ya mizani," akasema, "atabeba."

Nikabeba. Nyavu za kuwindia zilizofumwa kwa kamba nzito, zikiwa zimelowa, sikuzipima kwa sababu niliogopa kujua. Nilizibeba mlima mzima na kaputula ikiwa ndiyo hadithi ya kila mtu aliyekuwa nyuma yangu. Lakini niliona watu hamsini wakitandaza ukuta wa nyavu katikati ya miti bila mtu kutoa amri, kila mmoja anajua wavu wake unashikana na wa nani, na mbwa wakaingia na kengele za mti shingoni, na msitu wote ukalia kama ngoma. Nilisimama nyuma ya wavu wangu na nywele zimenisimama. Tulipata nguruwe wawili. Dume lilitokea mbele yangu, mimi na si mwingine, likatazama wavu, likaupasua kama karatasi, likapita likielekea milima ya malisho ya ng'ombe kule juu. Halijarudi. Muhogo wa Mama Wilondja ulivunwa wote.

Lilibaki lile la kusemeshana. Kapita na wazee wa upande wa mke wangu walikaa, wakasema maneno yaliyopita kwa nguruwe na kwa jembe ni maneno vilevile, na macho ni macho, kwa hiyo natakiwa kuosha kosa: mbuzi jike, na kitenge kizima cha mama. Nilileta. Mbuzi akapokelewa, kitenge kikafunuliwa, na wazee wakasema kuanzia siku ile mwiko umelegezwa, mama anaweza kunisemesha kama anataka. Watu wote wakangoja. Mimi nilitazama miguu yangu. Mama Wilondja alikikunja kitenge kile, akakiweka mapajani, kisha kwa mara ya kwanza tangu nioe nikasikia sauti yake ikija kwangu bila kupitia kwa mtu wala mnyama.

"Baba," akasema, "kula. Uko mwepesi sana."

Nimeapa mbele ya Nyassa kwamba sitapima tena kitu kabla ya kuuliza kinafanya kazi gani, na kikalio kile nimekikata nikafunga mizigo ya pikipiki. Mama Wilondja yuko shambani kwake, amepanda mara ya nne. Mbuzi, kitenge, jino na nailoni ya Swima, jumla nilipoteza dola tisini na sita.